Mikeka ya Mama Mwende

Nikimaliza kuswali, nikishawaombea wazazi wangu na mke wangu Nasiha, huongeza jina moja ambalo si la ukoo wetu wala si la dini yetu. Jina lenyewe ni Syokau. Huko anakoishi, karibu na kilima cha Salaita, watu humwita Mama Mwende, na mimi pia humwita hivyo. Namwombea umri mrefu, na zaidi namwombea magoti, maana ndiyo yanayomsumbua. Lori la baba yangu bado liko barabarani na watoto wangu wanakula kwa sababu ya mwanamke huyu. Ngoja niwaeleze ni nani.

Alizaliwa upande wa Makindu, akaolewa na Kaloki, kibarua wa gengi ya reli. Wakaletwa Voi, kisha wakawa wanahamishwa kambi hadi kambi kwenye ile njia ya reli ya kwenda Taveta. Kaloki alibeba mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, begani mpaka kifua kikamshinda. Alipofariki alimwachia mkewe binti mmoja, Mwende, na neno moja alilopenda kulirudia akila ugali wake: reli haikai juu ya udongo, inakaa juu ya mataruma. Mama Mwende akaenda kukata mkonge kwenye shamba kubwa upande wa Taveta, na huko akajua kamba. Kusuka alikuwa nako tangu utotoni, kwa kuwa mama yake alisuka viondo. Basi huyo ndiye mtu aliyekuja kujenga nyumba yake kando ya barabara, mahali ambapo njia inashuka kwenye korongo la udongo mweusi.

Udongo ule ukiwa mkavu hupasuka nyufa za kumeza mkono. Ukilowa huwa uji. Na ubaya wake hasa ni siku ya pili au ya tatu baada ya mvua, pale juu panapokauka na kung'aa kama sakafu, dereva mgeni akaona njia imepona. Malori yalizama pale siku tatu, siku nne, na madereva wakawa wanakata ua wa Mama Mwende ili watie matawi chini ya magurudumu. Mwanzo wa mikeka haukuwa huruma, ulikuwa hasira. Yeye mwenyewe aliniambia, "Nikaona hawa watanimalizia ua. Afadhali niwape kitu ya kukanyaga, waende zao."

Alikata fito nene za mti wa mukau, kila moja unene wa mkono wa mwanamume, akazilaza sambamba na kuzifunga kwa kamba ya mkonge, fundo juu ya fundo, mpaka zikawa mkeka unaokunjika. Mmoja ulitaka watu wawili kuubeba. Alisuka kumi na miwili, sita kwa kila upande wa lori. Uzito uliokuwa unasimama juu ya gurudumu moja ukagawanyika kwa fito nyingi, na lori la tani kumi likapita mahali ambapo mbuzi angezama. Kabla dereva hajawasha gari, Mama Mwende alivua viatu akapita juu ya mikeka polepole, kisigino kwa kisigino. Mimi nimelelewa kwamba mkeka haukanyagwi kwa viatu, kwa hiyo nilimpenda kwa hilo tangu siku ya kwanza. Akanicheka. "Si heshima, kijana ya Mbaruk. Mguu ndio inasikia chini kuna nini."

Hakuwa na bei. Ukimwachia sukari, sawa. Ukimwachia asante, sawa pia. Sharti lake lilikuwa moja tu: ukivuka, unasimama ng'ambo, unarudi kwa miguu, unaitoa mikeka kwenye tope na kuipanga juu ya mwinuko, tayari kwa atakayekuja nyuma yako. Awe Mtaita, Mkamba au Msomali wa malori marefu, wote walilifuata. Hata asipokuwepo yeye, mikeka ilitandikwa na ikaondolewa.

Sasa nije kwangu, ambako hakuna sifa. Mimi nina haraka ya kuzaliwa nayo. Mama yangu husema nilitoka mkunga akiwa bado njiani. Baba yangu Mbaruk aliuza duka alilorithi hapa Voi akanunua lori, na siku aliyonipa ufunguo aliniambia, "Abdulbasit mwanangu, hili ndilo duka letu sasa. Likipotea, hatuna tena mlango wa kufungua asubuhi." Kisha akanitafutia utingo mtu mzima, Mzee Obadiah, Mtaita wa Bura, ili anitulize. Masikini Obadiah, alipewa kazi ngumu.

Mwaka wa tisini na saba, Novemba, Elinino ilikuwa imeshaanza kumwaga. Tulifika pale korongoni tukielekea Taveta na mzigo wa unga na chumvi. Mama Mwende na binti yake walikuwa wamekwenda kwenye mazishi Maktau. Tukatandika mikeka wenyewe. Mimi nikavua makubadhi yangu kama kawaida, yale ya ngozi ambayo Nasiha alininunulia Mombasa, nikayaweka pembeni. Lori likavuka vizuri. Tukarudi kuitoa mikeka, tukapanga minane, na matone ya kwanza yakaanza kupiga.

Nikakimbilia kwenye lori nikapiga honi. "Mzee Obadiah, panda twende!"

"Imebaki minne huku katikati."

"Tutaitoa tukirudi."

"Basiti, mikeka haijui kuogelea."

"Panda, mzee!"

Alipanda, tukaenda mpaka Taveta. Huko ndiko nilikogundua kwamba niko miguu mitupu. Nikajiambia makubadhi yamezama kwenye tope, nikanunua kandambili. Usiku ule mvua ilinyesha kama iliyotumwa.

Tuliporudi siku ya tatu na ndizi na vitunguu, maji yalikuwa yamekwisha pita. Korongo limekauka juu, linang'aa. Mama Mwende alikuwa amesimama kando ya mikeka minane. Alitusalimia, akaniuliza habari za baba, kisha akasema, "Ile ingine minne imeenda na maji. Nane haifiki ng'ambo. Lala hapa, kesho nitakata miti nishone."

Hapo ndipo pa kusema, "Mama, mimi ndiye." Badala yake nikasema ndizi zitaiva, nikasema nitapita kwa kasi, pengo la ile minne nitaliruka.

"Mbio ni ya barabara," akaniambia. "Hii si barabara."

Nikaenda. Magurudumu ya mbele yalipotoka kwenye mkeka wa mwisho, ile sakafu nzuri ikavunjika kama ukoko wa wali, na lori likaketi hadi ekseli. Tuko katikati kabisa, penye kina. Nilipozima injini, Mzee Obadiah alinigusa bega, akanionyesha upande wa mlimani. Kulikuwa kweusi. Na chini, kwenye nyayo zangu, maji yalikuwa yameanza kupita, membamba bado, yenye povu na vijiti. Kila mtu wa huku anajua maana ya vijiti. Nyuma yake huja magogo.

Mama Mwende alitazama anga, akatazama maji, akatazama lori. Kisha akageuka akaenda zake nyumbani.

Nilisema moyoni, ana haki. Nikaketi kwenye tope nikalia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina mke, na nililia kwa sauti mbele ya utingo wangu, nikiona duka la baba linavyokwenda na maji. Halafu tukasikia panga. Pa, pa, pa, kutoka kwenye boma lake. Muda si muda akatokea na Mwende wakiburuta fito, nyingi, za zamani, nyingine zimeganda udongo mwekundu, nyingine nyeusi kwa moshi. Sikuuliza zimetoka wapi. Mtu anayezama haulizi kamba imesukwa na nani.

Alipiga magoti ndani ya maji, kwa yale magoti yake, akaanza kufunga. Mikono yake ilikwenda upesi kuliko nilivyoweza kufuata kwa macho, huku mdomo ukitoa amri. Obadiah achimbe mbele ya magurudumu. Mimi nipunguze upepo wa matairi, kisha nishushe ndizi. Mwende alete matawi. Maji yalikuwa kwenye kifundo cha mguu alipomaliza mkeka wa kwanza. Alipomaliza wa nne yalikuwa karibu na goti. Tukaitandika, akapita juu yake miguu mitupu huku mkondo ukimsukuma, kisigino kwa kisigino, bila haraka hata kidogo. Mahali pamoja akasimama. "Hapa chini ni tupu. Leta matawi." Tukatia. Akapita tena, akaridhika.

"Haya, enda. Usisimame. Hata ukisikia nimepiga nduru, usisimame."

Sikusimama. Nilisikia fito zikilia na kupasuka chini yangu, lori likayumba, likapanda, nikaona ardhi ngumu. Alhamdulillahi niliyosema pale sijawahi kuisema vile tena.

Safari hii niliruka chini kabla injini haijatulia. Nilirudi kwenye maji yale, mimi na Obadiah, tukaitoa mikeka yote kumi na miwili, nikitukana na kuomba kwa pumzi moja. Wa mwisho tulikuwa tunaupandisha kwenye mwinuko pale magogo yalipofika.

Kisha tukapanda bomani kuaga, nikaona jiko lake. Jiko la Mkamba ni kibanda peke yake, kando ya nyumba. Lile lilikuwa limebaki paa lililoinama upande mmoja na mafiga matatu, na mvua inanyeshea sufuria. Ukuta haukuwepo. Ule udongo mwekundu uliokandikwa ulikuwa umemwagika chini, vipande vipande. Mama Mwende akasema tu, "Tutapikia ndani ya nyumba mpaka mvua iishe. Endeni kabla giza. Msalimie Mbaruk."

Nikaenda. Na bado sikusema.

Baba nilimsimulia yote, isipokuwa mikeka minne niliyoiacha. Akasema, "Aliyekuvunjia ukuta wake, mjengee ukuta." Akaagiza boriti za mikoko kutoka pwani, ngumu, zisizoogopa maji, nami nikazipeleka Salaita kwa furaha ya mtu anayedhani amejikomboa. Nilizishusha mbele ya jiko, nikaahidi kwamba nikirudi nitajenga kwa mikono yangu.

Nilirudi baada ya wiki moja. Jiko lilikuwa wazi vilevile. Mama Mwende alikuwa ameketi chini ya kibaraza, miguu ameinyoosha, akizifunga boriti za baba kwa kamba ya mkonge. Mikeka mitatu ilikuwa tayari. Alikuwa kwenye wa nne.

Haraka zangu mnazijua. "Mama Mwende! Hizi ni za jiko!"

"Zile za jiko zilivunjika wakati ulipita," akasema bila kuinua macho. "Mikeka imerudi nane. Jiko ni yangu peke yangu. Korongo ni ya kila mtu."

Nilikaa chini mbele yake. Kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka ya kwenda popote. Nikamwambia, "Mama, ile minne haikuchukuliwa na maji tu. Mimi niliiacha katikati. Obadiah alinikataza. Niliiacha kwa haraka zangu, ukavunja jiko lako kwa kosa langu."

Aliendelea kuvuta fundo mpaka likakaza. Akamwita Mwende, akamwambia kitu kwa Kikamba. Binti akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni, akaniwekea magotini. Ndani yake mlikuwa na makubadhi yangu. Yamesafishwa, yamepakwa mafuta, hata mkanda mmoja uliokuwa umekatika umeshonwa kwa uzi wa mkonge.

"Niliyapata kando ya mikeka asubuhi nikitoka Maktau," akasema Mama Mwende. "Hii barabara yote, nani mwingine anavua viatu ya ngozi ndio akanyage miti?"

Nilihesabu siku kichwani. Asubuhi ile ilikuwa kabla ya sisi kurudi kutoka Taveta. Kabla ya lori kuzama. Kabla ya panga.

"Ulikuwa unajua," nikasema. Machozi yalikuwa yanakuja tena na sikuyazuia. "Ulikuwa unajua wakati unavunja ukuta. Mbona hukuniambia, mama?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Ningekuambia saa ngapi? Lori ilikuwa kwa maji."

Nikainama nivae makubadhi yangu, maana sikujua nifanye nini kingine. Akanigonga begani kwa kipande cha kamba.

"Usivae bado," akasema. "Huu umekwisha. Shika upande ule, tuupeleke chini."