Mgeni Aliyeambiwa Karibu

Haya sikusimuliwa na mtu. Jagi la maji lilikuwa mkononi mwangu mwenyewe, na mkono huo ndio huu.

Miaka ya tisini nilikuwa na hoteli ndogo Homa Bay, karibu na soko. Wateja wangu walikuwa wavuvi, makarani, na Waislamu wenye maduka pale mjini. Halafu wakaja wazungu wawili kutoka Norwe, Ingrid na mumewe Lars. Lars alitaka uma. Ingrid alitaka kujua kila kitu. Mbona mnanawishana mikono? Mbona kichwa cha samaki anapewa mgeni? Nikamfundisha kwamba ukiwa unakula na mtu yuko karibu, humnyamazii. Unamwambia karibu. Naye akiwa na adabu atajibu, "Asante, nimeshiba," hata kama tumbo linanguruma.

"Kwa hivyo ni uongo?" akaniuliza.

"Si uongo, ni heshima." Tukacheka.

Jioni moja mvua ikashika kabla jua halijazama, watu wakajaa ndani. Akaingia mwanamume mmoja mwenye koti la kahawia, akaketi kwenye meza ya wale wageni. Lars akanikodolea macho. Kwao meza ni ya aliyetangulia. Kwetu kiti kitupu ni cha yeyote.

Nikaja na jagi na beseni. Nikamnawisha Ingrid, nikamnawisha Lars, nikamgeukia yule mtu. Niamini: maji yaliteleza viganjani mwake kama kwenye jani la magugu maji. Mikono ikabaki mikavu. Koti pia lilikuwa kavu, na nje inanyesha! Ningesema nini mbele ya wateja? Nikaleta ugali na samaki, nikasimama palepale.

Ingrid akatabasamu kwa kile alichojifunza. "Karibu," akamwambia.

Mtu yeyote wa hapa angeshukuru tu. Yeye akasogeza kiti. "Nimekaa sana bila kuambiwa neno hilo," akasema. Akala naye sahani moja, tonge baada ya tonge, na ule ugali haukupungua.

Alipomaliza akashukuru kwa Kijaluo, "Erokamano," kisha akamwambia, "Sasa na wewe karibu kwangu. Si mbali."

Ingrid akainuka. Uso wake ulikuwa umetulia, kama mtoto aliyesikia mama akimwita. Lars alikuwa ameinama anachambua miiba kwa uma, hakuona kitu. Nikamshika Ingrid mkono, nikakuta umepoa kabisa. Wewe ungefanya nini? Mtu akishakula kwako humfukuzi kwa kelele. Likanijia neno moja tu.

"Asante, baba. Ameshiba."

Akanigeukia. "Na wewe, mama?"

"Na mimi nimeshiba."

Akaondoka taratibu, kichwa chini, kama mtu aliyefungiwa mlango. Sitakuficha, nilimhurumia. Mpaka leo sijui kama alikuwa mbaya au alichoka tu kula peke yake.

Ingrid akaketi, akauliza yule mzee ameenda wapi. Asubuhi hakugusa mandazi. Mchana hakugusa kitu. "Sina njaa," akaniambia, na safari hii hakucheka. Waliondoka kwenda Nairobi mashavu yake yameanza kubonyea, na yaliyompata huko sikuyasikia tena. Hilo linanikaa moyoni.

Mimi je? Tangu jioni ile sijawahi kusikia njaa. Nakula kwa sababu mwili lazima ule, kama mtu anavyomeza dawa. Wengine huniambia hiyo ni bahati. Bahati gani? Unajua ilivyo kusikia harufu ya omena wakikaangwa, na ndani yako kitu kisishtuke?

Basi wewe unayenisikiliza, ukimwambia mtu karibu, sogea apate nafasi. Na usiyemjua akikukaribisha, kataa kwa neno lolote, lakini usimwambie umeshiba. Wapo wanaolichukua neno vile vile ulivyolitamka.