Kwenda Buffalo Kufuta Hati ya Eliya

Ninyi mliobaki Kasulu na Makamba mnaniuliza kila mara ni nini kilichonipeleka kwa gari kutoka Louisville mpaka Buffalo mwezi wa Machi, wakati hata mbwa wa huko hawataki kutoka nje. Nilikwenda kwa ajili ya mdogo wangu Eliya. Mke wake, Odeta, alikuwa na mimba kubwa, na Eliya alikuwa anatafutwa na mahakama.

Habari yenyewe ilitufikia kwa njia ya leseni. Eliya alikwenda kuomba leseni ya udereva ya Kentucky, jimbo letu, karani akamwambia kuna jambo limemshika New York, jimbo la Buffalo. Tukaenda kwa binti mmoja anayesaidia wageni mambo ya sheria. Alipiga simu kwenye mahakama ya kitongoji kimoja nje ya Buffalo, upande wa Amherst, akataja jina na tarehe ya kuzaliwa, akasubiri, kisha akaziba simu kwa kiganja. "Hakimu alitoa hati akamatwe," alisema. "Si kosa kubwa. Aliitwa mahakamani, hakufika."

Eliya akaniangalia, mimi nikamwangalia. Miaka kadhaa nyuma, alipokuwa bado anakaa Buffalo, polisi walimsimamisha akiendesha peke yake na leseni ya kujifunzia, jambo lisiloruhusiwa. Akapangiwa siku ya mahakama, na siku hiyo ikaangukia wiki ileile aliyopata kazi ya ghala huku Louisville. Baba mdogo wetu Zakaria akamwambia, "Nenda kazini, mwanangu. Mimi nitakusemea." Ninyi mnaelewa. Kule kambini Kasulu, mtu akiitwa mbele ya wazee hasemi mwenyewe. Anainamisha kichwa, mkubwa wake anamwombea radhi, na neno linakwisha. Baba mdogo ametuombea radhi maisha yake yote, kwa mbuzi walioingia shamba la watu na kwa vijana waliopigana kisimani. Basi akavaa suti, akaenda mahakamani, akasimama dirishani, akaomba radhi. Jioni akatupigia simu, "Yameisha." Nasi tukasahau.

"Asisubiri kukamatwa barabarani," yule binti alisema. "Aende mwenyewe, na wakili." Akatutafutia wakili wa bure, na wakili akapanga siku ya kusikilizwa. Nikauliza kama wanaweza kumweka ndani. "Anayejipeleka mwenyewe, mara nyingi hapana," alijibu, "lakini siwezi kumsemea hakimu." Hiyo "mara nyingi" yake ilimkosesha Odeta usingizi.

Siku ya kuondoka tulitoka Newburg, mtaa wetu wa Louisville, mchana, nikiwa nimeomba ruhusa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Odeta alisimama mlangoni kwenye ghorofa yao, mkono kiunoni. "Wifi," aliniambia, "umrudishe." Mimi sikuahidi. Nilijifanya nashughulika na mkanda wa gari ili asione uso wangu.

Barabara ya kwenda Ohio ni pana na haina cha kutazama. Mashamba yamelala, malori yanakupita kwa fujo, na mtu wa pembeni yako kama ni Eliya, hana neno. Nilimsimulia habari za wazee wangu wa kazini, yule anayeficha biskuti chini ya mto na yule anayenichumbia kila Jumatano. Hakucheka. Kila gari la polisi lilipotokea alishuka kwenye kiti kidogo kidogo, mpaka nikamwambia, "Keti sawasawa, we mtu. Anayeendesha ni mimi, na leseni ninayo."

Columbus tulifika jioni, tukalala kwa Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira niliyefanya naye kazi zamani. Ana mwili mkubwa na moyo mkubwa zaidi, na nyumbani kwake huruhusiwi kueleza shida kabla ya kula. Alitupa ugali, sombe, yaani kisamvu, na ndagala, dagaa wa kwao, akakaa mbele ya Eliya. "Bon, njo unaogopa?" alimuuliza kwa Kiswahili chake cha Uvira. "Usikimbie. Mi pia baliniitaka mu tribunal, mahakama ya uku. Mutu mwenye anajileta ye mwenyewe, banamuonea huruma. Mwenye banakamata ku barabara, donc, uyo njo anapata shida."

"Na nikifika nitasema nini, mama?" Eliya aliuliza.

"Utasema ile yenye ulifanya. Kwani uko na ingine?"

Kesho yake tulipita Cleveland, tukaufuata ufuo wa ziwa. Ziwa lilikuwa jeupe kwa barafu, huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, na upepo ulilisukuma gari langu pembeni. Hapo ndipo Eliya aliponiambia kinachomsumbua. Alikuwa haogopi sana jela. "Dada, hakimu akiniuliza kwa nini sikuja, jibu ni baba mdogo. Nitamtaja vipi mbele ya watu? Ataonekana mjinga." Nikamwambia afikirie mtoto aliye tumboni kwanza. Nilisema kwa ukali.

Buffalo, mtaa wa Lower West Side, baba mdogo alitupokea ngazini akiwa amekwisha vaa suti ya kesho yake. Mdogo wa mwili, sauti ya watu wawili. Chai ilipomiminwa nikamweleza taratibu kwamba radhi yake haikuandikwa popote, na kwamba mahakama ya huku humtaka mwenye jina. Aliweka kikombe chini. "Yule mama wa dirishani alinisikiliza mpaka mwisho, Penina. Akatabasamu. Akanishukuru." Nilitaka kumwambia mama yule alishukuru kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na yeye baba mdogo alikuwa anaondoka. Nikamwongezea chai. "Basi kesho nitamweleza hakimu mwenyewe," alisema. "Kosa letu ni kuishia dirishani." Eliya aliinamisha kichwa, na usiku huo hakuna aliyethubutu kumpinga.

Asubuhi tulivuka mji kwenda kitongojini. Nyumba zinaachana, kila uwanja una magari mawili, na mahakama yenyewe ni jengo la chini la matofali ambalo ungedhani ni maktaba. Wakili alitungoja mlangoni, binti mwembamba mwenye koti jekundu. Akasema maneno mafupi: yeye ndiye atakayezungumza, Eliya atajibu akiulizwa tu, na sisi wengine tukae nyuma kimya. Nilimfasiria baba mdogo. Aliitikia kwa kichwa kama anayekubali.

Ndani walikuwepo watu wa kila aina, wengi wana tiketi za barabarani, yaani karatasi za makosa ya udereva, kama sisi. Jina la Eliya lilipoitwa, mkalimani aliletwa kwa simu, sauti ya kike yenye Kiswahili laini cha Pwani ikitoka kwenye kisanduku mezani. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, alimsikiliza wakili, kisha akamgeukia Eliya. Sauti ikafasiri: "Mheshimiwa anauliza, kwa nini hukufika?"

Eliya akaangalia sakafu. Nilijua anachofanya. Alikuwa anatoa heshima yote aliyofundishwa, na kwa mama yule ilikuwa inaonekana kama jeuri. Hakimu akarudia swali. Mdogo wangu akazidi kuinama. Ubavuni pangu nikasikia kiti kinalia: baba mdogo amesimama, mkono kifuani. "Mheshimiwa!" Askari wa mahakama akapiga hatua kuja kwetu. Nikashika pindo la koti la baba mdogo kwa mikono miwili, nikavuta. Sikuwa nimewahi kumvuta mkubwa wangu nguo, na Mungu anisamehe, nilivuta kwa nguvu. Akakaa.

Eliya aligeuka, akamwona amekaa. Ndipo akainua kichwa.

"Nilimtuma baba yangu mdogo," alisema. "Kwetu, ukikosa, unamtuma mkubwa wako akuombee. Ndiyo heshima kuliko zote. Alikuja hapa, aliomba vizuri. Sikujua kwamba hapa mnataka mimi. Kosa ni langu, si lake. Leo nimekuja."

Sauti ya Pwani ilifasiri bila haraka. Hakimu alivaa miwani, akatazama nyuma tulipokaa. "Ni yule aliyesimama?" aliuliza. Wakili akasema ndiyo. Hakimu akampa baba mdogo ishara ya kichwa, akaandika. Hati imefutwa. Kosa la leseni limepunguzwa, kuna faini ya kulipa, na Eliya aende nyumbani kwake. Wakili alimkabidhi karatasi ya kuthibitisha, akamwambia atembee nayo mpaka kompyuta za polisi zote zipate habari. Nje nikaketi kwenye ngazi zenye barafu kama mlevi.

Baba mdogo alisema atarudi nasi Louisville. Mila haimruhusu kumpelekea mkwe wake Odeta habari kama hiyo kwa simu. Njia nzima kando ya ziwa alikaa akiwa amefunga vifungo vyote vya koti. Tulipokwisha kuingia Ohio akasema kutoka kiti cha nyuma, "Penina, siku ile nilipomwombea Eliya dirishani, nilitoka mahakamani nikijiona mtu. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii, niliona kuna kazi ninayoiweza." Nililia huku naendesha, nikasingizia jua.

Safari hii ilinifundisha kwamba nchi hii haipokei salamu zinazoletwa na ndugu. Barua ya mahakama ikija na jina lako, nenda wewe, hata kama umechelewa miaka, na uende na wakili. Lakini nendeni na mkubwa wenu pia. Mwacheni akae nyuma.

Newburg tulikuta Odeta na wamama wa kanisa wamejaa sebuleni. Walimpa baba mdogo kiti kizuri, wakanyamaza wamsikilize. Akafungua kifungo cha koti. "Mimi nimesindikiza tu," alisema. "Mwulizeni yeye."

Eliya akasimulia yote, na kwa mtu asiye na maneno, alisimulia mno. Odeta hakumkatiza. Tangu siku ya simu ya binti wa sheria, mume wake alikuwa akishinda ndani na viatu miguuni, hata mezani, eti wakija kumchukua wasimkute peku.

"Hawatakuja?" Odeta aliuliza.

"Hawatakuja."

"Basi vua viatu," akamwambia.