Bisi za Mchele

Juzi binti yangu alirudi kutoka dukani mjini Chake na paketi ya bisi za mchele zenye sukari, akanitia moja mdomoni bila hata kuniuliza. Nikaitafuna, nikaenda kukaa chumbani peke yangu mpaka machozi yakakauka. Utaniuliza, mtu mzima mzima analizwa na bisi? Basi sikiliza.

Nililelewa na bibi yangu kijijini Vitongoji. Nilipokuwa darasa la nne tukapata mgeni wa kukaa, mwalimu wa hesabu kutoka Japani, msichana mwembamba aliyekuja kujitolea sekondari. Kila akisalimiwa aliinama, na bibi kwa adabu zake akainama naye, wakawa wanainamiana pale uani kama watu waliodondosha sindano.

Kwao, alituambia, wali uliobaki hautupwi. Unapikwa kwa maji matupu, unaanikwa siku tatu mpaka unakuwa mgumu kama changarawe, kisha unamwagwa kwenye mafuta ya moto. Punje zinafutuka, unazigeuzageuza kwenye shira ya sukari na tangawizi. Bibi akachangamka, maana kuanika ndiyo kazi aliyoijua. Karafuu alizianika tangu usichana wake. Akatandika jamvi, akaleta wali.

Siku ya pili ule wali ukanuka uchachu, sisimizi wakajaa. Ulipotiwa kwenye karai ukazama na kutulia. Mwalimu akauliza taratibu, kama anaogopa jibu, iwapo kuna nazi.

"Imo kidogo tu," bibi akasema. "Mwanangu, mie nimpe mgeni wali mtupu? Wali mtupu chakula cha kuku!"

Walicheka mpaka mwalimu akakaa chini. Mara ya pili bibi aliupika kwa maji matupu, shingo upande, na punje zikafutuka. Ndipo akaanza kujifanya fundi. Aliing'ata punje kavu kama alivyong'ata karafuu, akasikiliza kama inavunjika kwa mlio. "Haijaitika," alisema, na hapo hakuna ruhusa ya kuwasha moto. Kila Ijumaa uani kwetu kulinukia tangawizi, na watoto wa jirani hawakosi.

Mwalimu alipomaliza muda wake akaondoka. Bibi alimuaga kwa kicheko, akaenda kulia jikoni.

Masika yaliyofuata bibi akaugua. Uji akaukataa, mchuzi wa samaki akaukataa. Jirani yetu, mama aliyekuwa akija kumwogesha, akaniambia kwa siri kwamba asipokula hatutakuwa naye. Siku hiyohiyo bibi akanishika mkono. "Mjukuu wangu, natamani zile bisi za mwalimu. Hizo n'tazila."

Nikabandika mchele. Na hapa ndipo roho inaponiuma, rafiki yangu. Nilijua vizuri kabisa inavyotakiwa. Lakini niliutazama ule wali mweupe, nikaitazama na mifupa ya bibi kitandani, nikaona haya kumpikia mtu ninayempenda hivi chakula kisicho na nazi. Nikakuna. Nikatia tui kidogo tu, apate nguvu.

Ulichacha siku ya pili, bila shaka. Nikaumwaga nyuma ya nyumba mtu asinione, nikapika mwingine kwa maji matupu. Mvua zikawa zinakuja na kuondoka, nami natoa jamvi, naingiza jamvi. Jioni bibi aliuliza, "Zimeitika?" Nikamjibu kesho, bibi. Akauliza tena jioni ya pili, kwa sauti ndogo zaidi. Asubuhi ya siku ya tatu akafariki, na wali umebakisha jua la siku moja.

Baada ya maziko jirani aliukuta kwenye jamvi, akauanika, akaukaanga ili usiharibike, akawagawia watoto msibani. Zilifutuka vizuri ajabu. Nilipewa zangu kwenye kibakuli, nikashindwa kuzila, nikalia. Watu wakasema namlilia bibi. Ya nazi sikumwambia mtu.

Ile nyumba sasa ina wenyewe wengine, na uani wamemwaga saruji. Sijui kama Vitongoji yuko anayejua kung'ata punje akaisikiliza. Mwalimu naye simjui aliko. Aliandika barua mara moja tu, miezi michache baada ya msiba, akimsalimia bibi na kuuliza kama bado anapika zile bisi. Jirani akanipa kalamu nijibu, maana mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri. Nikamweleza kwamba bibi amefariki. Nikaandika pia kwamba kabla hajafa nilimpikia bisi, akazila zote, akasema ni tamu.