Alizeti Zilizofungwa Vitambaa

Ukivunja jani la alizeti, mkononi hubaki harufu kali ya utomvu ambayo sabuni ya mche haiitoi kwa siku moja. Watu wengi wanaipenda. Mimi hunipandisha hasira, na sioni sababu ya kuificha. Huisikia kila ninapopita kwenye kibustani changu nyuma ya nyumba hapa Iyunga, na kila nikiisikia namkumbuka baba mdogo akicheka, amesimama katikati ya alizeti za mama kule Kalenga, mwaka nilipokuwa na miaka kumi.

Nyumba yetu ilikuwa na uwanja wa nyuma ulioanzia kwenye ukuta wa jiko na kuishia mferejini. Baba alikuwa na shamba lake la mahindi ng'ambo ya barabara. Uwanja ule ulikuwa wa mama. Alipanda alizeti ndefu kupita mlango, vichwa vipana kama ungo, na mbegu zake zilikuwa na mistari ya kijivu na nyeupe. Hazikutoka dukani. Bibi yangu mzaa mama alimpa siku alipoolewa, zimefungwa kwenye pindo la kitenge, na bibi naye alipewa na mama yake. Kwao binti hakutoka nyumbani bila mbegu, nami niliambiwa mapema kwamba zamu yangu itafika. Bibi alikwisha kufa na bustani yake ilikwisha kujengwa nyumba, kwa hiyo mbegu ile ilibaki kwa mama peke yake. Mwaka ninaousimulia panya walikuwa wameingia kwenye kibuyu chake cha akiba. Zilizosalia mama alizipanda zote, hakubakiza hata moja.

Kila msimu, majani yakianza kunyauka, mama alizunguka uwanjani asubuhi kabla jua halijawa kali, akavichagua vichwa saba vilivyojaa kuliko vyote. Alivifunika kwa vipande vya kanga zilizochakaa, na kanga zikiisha, kwa vipande vya gagulo lake la zamani, kisha akavifunga shingoni kwa kamba za katani. Ndege hawakuvigusa, wala mtu. Vilivyofungwa vilikuwa vya mbegu, vikae kwenye mti mpaka vikauke kabisa, hata kama vingine vyote vimekwisha kukatwa na kupurwa. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, baba akiwa wa kwanza.

Mwaka ule alipomaliza kufunga, tumbo lake lilikuwa kubwa na miguu imevimba. Wakamlaza hospitali mjini akisubiri kujifungua. Alipoondoka alimwambia baba neno moja tu kuhusu uwanja, kwamba vyenye vitambaa visiguswe. Baba akaitikia.

Siku ya tatu baba mdogo akaja kutoka Mbeya na pikapu ya kuazima, pamoja na rafiki zake wawili. Yeye ndiye aliyesoma katika ukoo, na hakuacha mtu asahau. Alitaka kutusaidia kuvuna, apate mafuta ya kupeleka kwake. Baada ya kula wakatoka na baba uani kutazama, nami nikiwa nyuma yao na jagi la maji ya kunawa. Baba mdogo akaona vitambaa. Akashika kile cha gagulo kwa vidole viwili, kile chenye lesi, akawageukia rafiki zake.

"Shemeji siku hizi anayavika maua nguo za ndani," akasema. "Bado kuyapeleka kanisani."

Wakacheka mpaka mmoja akashika mti. Nilimtazama baba nikingoja aseme kwamba ile ni mbegu, kwamba mke wake hakuwa mjinga. Sentensi moja ingetosha. Baba naye akacheka. Akasema wanawake wana mambo yao, akawaongoza kurudi ndani.

Sijui kama mtu mzima anaweza kukumbuka vizuri aibu ya mtoto wa miaka kumi. Mimi naikumbuka. Niliona nguo ya ndani ya mama ikipeperuka mbele ya wageni, na wageni wale wangelala kwetu, na kesho wangeiona tena. Asubuhi, wao wakiwa bado wanakunywa chai, nikachukua ndoo nikaigeuza, nikapanda juu yake, nikavifungua vitambaa vyote saba. Nilivikunja vizuri. Nilijiona namsitiri mama. Halafu nikaenda shule.

Niliporudi uwanja ulikuwa umebaki mashina. Wakati ule vichwa vilikuwa vimekauka vya kutosha, na vijana wawili wa jirani walikuwa wanavipura kwa fimbo juu ya turubai. Magunia yakapakiwa jioni ile ile, yakapelekwa mashineni Mlandege, yakakamuliwa. Baba mdogo akaondoka na madumu yake.

Mama alirudi wiki iliyofuata na mdogo wangu mgongoni. Hakuingia ndani. Alipita upenuni moja kwa moja hadi uwanjani, akasimama, kisha akamuuliza baba vya mbegu viko wapi. Baba akasema hakuona kitambaa chochote, labda alivifunga ovyo, upepo ukavichukua. Kisha akaongeza kwamba ni alizeti tu, mbegu zimejaa maduka ya mjini. Mama akapiga magoti pale zilipopurwa, mtoto akiwa bado mgongoni, akaanza kuokota punje katika nyufa za udongo. Nzuri zote kuku walikuwa wamezimaliza. Alizookota zilikuwa mapepe, maganda yasiyo na kitu ndani. Alizipanda hivyo hivyo msimu uliofuata. Hazikuota.

Hadithi hiyo baba mdogo amekuwa akiisimulia tangu wakati huo, kwenye harusi, kwenye matanga, popote penye watu wa kumsikiliza. Ana sauti anayoigiza ya mama akiyafunga maua lesi. Watu hucheka, na mama hukaa anatazama mikono yake. Mwaka jana aliisimulia kwangu, sebuleni kwangu, kwenye ubatizo wa mwanangu, akila chakula nilichopika. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema mbele ya wote kwamba mimi ndiye niliyevifungua, na nilivifungua kwa sababu ya mdomo wake. Baba mdogo akapiga paja, akasema kumbe mkosaji tulikuwa naye siku zote, wakacheka upya.

Wageni walipoondoka nilimkuta mama jikoni anasuza sufuria. Nikamwomba msamaha. Hakugeuka.

"Nilijua," akasema. "Vitambaa nilivikuta chini ya godoro lako siku ile ile niliyorudi na mtoto."

Nikamuuliza kwa nini alikaa kimya miaka yote hiyo, akaacha aitwe mzembe.

"Ningekutaja, wangesema ni kosa la mtoto, yakaisha. Nilitaka mmoja wao aniombe radhi."

Siku hizi napanda alizeti za pakiti. Ni fupi, zote kimo kimoja, zinakomaa haraka na mafuta yake hayana ubaya wowote. Muuza pembejeo alinieleza kwamba nikiweka mbegu zake hazitazaa kama mama yao, kwa hiyo kila msimu narudi dukani kwake, na binti yangu siku ya kuolewa sina cha kumfungia pindoni. Ningeweza kusema nimekwisha kusamehe, maana ndivyo wanavyosema watu wa umri wangu. Sijasamehe. Baba alifariki bila kuomba radhi. Baba mdogo yupo, mzima wa afya, na Krismasi hii amenipigia simu kwamba anakuja kula kwangu. Nilipomwambia mama, akauliza siku gani, kisha akaenda kuanika kitenge chake kizuri. Bado anamsubiri.