Lundo la Mkonge

Mimi ni mbishi, na sioni haya kulisema. Baba aliponipa shamba lake la ekari mbili pembeni mwa Mazinde, alinipa na sharti: likinishinda, atamkodishia jirani yetu, ambaye kila akipita aliulizia bei. Ardhi yenyewe ilikuwa imechoka. Mahindi yake yalikuwa na punje za kuhesabu.

Sisi ni wajukuu wa wakata mkonge. Kinachotupwa na kiwanda tunakiona ni chetu. Nikakodi trekta, nikaleta tela baada ya tela la makapi mabichi ya mkonge, yananuka siki hadi majirani wakafunga madirisha. Nikayatandaza vilevile, nikapanda. Mahindi yakaota ya njano, yakadumaa. Niliona aibu hata kwenda dukani.

"Umelinywesha shamba siki," mama aliniambia. Yeye ni Mshambaa wa mlimani, na kwao samadi haiingii shambani kabla haijaoza.

Baba hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. "Nakupa msimu mmoja tu," alisema.

Ulinitosha. Safari hii makapi niliyarundika: tabaka la mkonge, tabaka la samadi kutoka boma la Mmasai wa ng'ambo ya reli, maji, kisha nikafunika kwa nyasi. Katikati nikachomeka mti mrefu. Kila Jumamosi niliuchomoa na kuushika. Ukiwa wa moto, lundo linafanya kazi. Likipoa naligeuza, linapata moto tena. Siku mti ulipotoka baridi hata baada ya kuligeuza, na ile harufu ya siki imekwisha, nilijua mbolea iko tayari. Nikatia kopo moja kila shimo, nikapanda. Mabua ya zamani sikuyachoma kama wenzangu. Niliyalaza katikati ya mistari. Wakaniita mvivu. Niliwaacha waseme.

Mahindi yalipobeba, baba alikuja na yule jirani. Nilipowaona wameongozana, nilikumbuka lile sharti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akapita katikati ya mistari. Akainama, akafukua udongo kwa kidole. Nyungunyungu akajitokeza, baba akamfunika tena taratibu.

Jirani akakohoa. "Sasa mzee, ile bei tunaizungumzaje?"

"Muulize mwenye shamba," baba alisema, akaninyooshea mkono.