Nyekundu Ni Rangi ya Droo

Siku ile naikumbuka kuanzia soksi yako, mwanangu. Moja ilianguka kwenye theluji mlangoni kwetu, Hopkins, huku Marekani, wakati watu wa ambulensi wanakutoa nje. Ulikuwa na miezi kumi. Homa ilikupanda alfajiri, saa nne asubuhi degedege likakushika, macho yamegeuka juu, mkono unapiga godoro, na halikuachia. Sasa una miaka sita, Kiswahili unakisikia ila unajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo haya utayasoma siku utakayoweza. Mimi si mzee. Mvi ninayo moja, na ni ya siku hiyo. Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi, na asubuhi ile moja niliona ya miaka.

Nikurudishe nyuma wiki mbili kwanza. Tulialikwa Maple Grove, mji wa jirani, kwa Watanzania wenzetu, mtoto wao anatimiza mwaka. Mama mmoja akakupakata, akakuminya paja mbele ya sahani za pilau, akasema, "Huyu mbona panzi? Au maziwa anakunywa mama yake?" Wakacheka. Nikacheka nao. Ulikuwa na kilo nane na nusu, daktari wako alikupima akasema uko sawa kabisa. Tangu siku hiyo kila aliyeniuliza nilimwambia kumi na moja. Uongo ukiutamka kila siku, mwanangu, nao huota meno.

Basi tumefika chumba cha dharura, daktari kijana ananiuliza una kilo ngapi. Ulimi ukatangulia: kumi na moja. Tena nilijiona hodari, maana nimejibu kwa kilo, si kwa pauni za huku.

Pembeni yako alisimama muuguzi mtu mzima, Mkenya, Sista Kemunto. Mimi hakunitazama. Alikutazama wewe, toka utosi hadi kisigino, kama fundi cherehani anavyomsoma mteja kabla hajashika futi. Akakunjua utepe mrefu wa rangi nyingi, akaulaza kando yako, akakunyoosha goti kwa kiganja. Kisigino chako kikaangukia kwenye rangi moja, akaitaja kwa sauti: nyekundu.

Hapo nililipuka. Uelewe kwa nini. Kwetu Singida kadi ya kliniki ina rangi. Kijani ni mtoto anayekua vizuri, nyekundu ni mtoto aliyedhoofu. Nikiwa msichana nilimsindikiza bibi yako kumpima mjomba wako mdogo, muuguzi akatangaza "nyekundu," na benchi zima likageuka kumtazama mama yangu kama mwizi. Kwa hiyo nilimfokea Sista kwa Kiswahili, sikujali kama anakijua: "Mwanangu hana utapiamlo. Anakula. Hiyo nyekundu mpe wako."

Hakuinua kichwa. Mikono yake ilishafika kwenye kigari cha dawa chenye droo za rangi zilezile za utepe, na droo aliyoivuta ilikuwa nyekundu.

"Mum, hiyo ni rangi ya droo, si yako," alisema polepole, kwa Kiswahili cha Kenya. "Utepe unapima urefu, urefu unatupatia kilo, kilo inatuambia dawa. Utepe unasema nane, tisa. Wewe unasema kumi na moja. Siku mingi tunaamini mama, juu mama anajua kushinda utepe. Lakini hii dawa ikizidi, mtoto anasahau kupumua. Nani alimpima hiyo kumi na moja?"

"Mimi."

"Na mizani gani?"

"Ya mdomo."

Ndipo akanitazama. "Haya. Sasa nipatie ya mizani."

"Nane na nusu. Wiki tatu zilizopita."

Akamgeukia daktari, akamwambia mama amekumbuka uzito. Amekumbuka. Neno hilo mpaka leo sijalilipa. Daktari akairudia namba kwa sauti, dawa ikaingia, na degedege likakuachia kidole kimoja kimoja. Ukapiga chafya. Halafu ukalia, na sijapata kusikia kilio kitamu namna ile.

Alipokuja kukufunika blanketi nilianza kuomba radhi. "Wacha," akasema. "Wangu pia alikuwa mwembamba, nikachekwa. Sahi lazima ainame kupita mlangoni. Hiyo mizani ya mdomo ndiyo utupe."

Nimemwaza Sista Kemunto miaka yote hii. Nimemtukana, mkono wake haukusita. Muuguzi wa kwetu alisoma rangi ili benchi lisikie. Huyu aliuvua uongo wangu kwa lugha ambayo mle ndani tulikuwa nayo sisi wawili tu, kisha akanisitiri mbele ya wenzake. Kazi anaijua, na watu anawajua.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha hata maradhi. Nilificha kilo mbili na nusu, kwa sababu ya mcheko wa watu wanaokula pilau. Hasira ya jambo hili ninayo bado, kidogo kwa yule mminya mapaja, nyingi kwangu.

Sasa shika hili, mwanangu. Ukipata mtoto, au ukiachiwa wa mwenzio, jua uzito wake wa mizani, kwa kilo, uubandike kwenye friji. Usipoujua, sema sijui. Neno hilo halijaua mtoto. Ukiulizwa na anayeshika dawa, acha fahari nje ya mlango pamoja na viatu vya theluji. Na mtu akimminya mwanao paja, mwambie hapa si buchani, mchukue mtoto wako, endelea na pilau yako.

Mungu akukuze kwa kipimo chake, si kwa macho ya watu. Na siku ulimi wako utakapoteleza, akuweke karibu na mtu wa kukusahihisha kwa sauti ya chini.