Ndege Iliyofungwa Mpira wa Tyubu

Katika mgahawa wa Makambako alikaa karibu nami tajiri wa malori, ambaye siku hizi za biashara huria amenunua pia ndege ndogo. Alikuwa na rubani wake, kichwa kimefungwa bendeji. Ndege ilikuwa imezima angani ikaangukia shamba la mahindi kule Kitandililo, kwa sababu fundi wa malori aliziba bomba la mafuta kwa mpira wa tyubu.

“Lori langu lilizibwa hivyohivyo likafika Zambia,” tajiri alinung'unika.

“Bosi, lori likizima unaliegesha kando.”

“Bawa limenyooshwa, mpira umekazwa. Utairusha Jumatatu.”

“Sawa. Wewe na fundi mtakaa nyuma yangu.”

Tajiri alikoroga chai kwa muda mrefu.

“Jumatatu nina mazishi kule Mdandu,” alisema.

Hakumtaja marehemu. Nadhani alikuwa bado hajafa.